Mbili Tu, Daktari

Chibalonza alikuwa mpiga deki wa wodi ya upasuaji, ghorofa ya nne, kwenye hospitali moja ya magharibi mwa Sydney, na kama kuna mtu aliyeijua wodi ile, ni yeye. Madaktari wanapita asubuhi, kundi zima, mbio mbio kama wanaowahi treni ya Parramatta. Wanasimama miguuni mwa kitanda dakika mbili, wanatikisa vichwa, wamekwenda. Manesi wanakuja na vidonge vyao na kompyuta yao ya magurudumu. Lakini mtu wa dekio yupo. Anainama chini ya vitanda, anafuta vimeza, anamwaga takataka, anaingia chooni mgonjwa akitoka. Ukitaka kujua nani hajala, nani kalia, nani kaficha sigara ndani ya soksi, usimsumbue profesa. Muulize Chibalonza. Tatizo ni moja tu: hakuna aliyemuuliza.

Alikuwa Mshi kwa kabila, mtu wa Kabare, milimani juu ya Bukavu, mama wa watoto wanne, na karatasi zilisema ana miaka arobaini na mitatu, ingawa mama yake mzazi alishikilia mpaka kufa kwamba wale wa karatasi walimwongezea miwili. Miaka saba iliyopita yeye na mumewe Wilondja walikuja Australia kutoka kambi ya Nakivale, Uganda. Wilondja akapata kazi ya kubeba maboksi kwenye ghala, yeye akapata dekio, na hakulidharau. Alilishika kama mtu aliyeshika jembe kwenye shamba lake mwenyewe. Kitu kimoja tu kilimsumbua, na hicho hakuwahi kumwambia mtu wa nyumbani wala wa kazini: tumbo la chini. Ulikuwa mwaka wa pili sasa. Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare alijifunga kikwembe, kitenge kama wanavyokiita wengine, akakikaza kiunoni mpaka pumzi ikawa fupi, halafu sare juu yake, halafu kituoni. Nani angejua?

Basi, Jumanne moja akaletwa bibi wa kitanda cha kumi na moja. Jina lake Herminia, miaka sabini na mmoja, mtu wa El Salvador, nchi ndogo huko Amerika ya Kati aliyoikimbia zamani wakati wa vita. Alikuwa ametolewa mfuko wa nyongo. Upasuaji mdogo siku hizi, wanasema, vitobo vinne tu na unarudi nyumbani. Chibalonza alimpenda tangu alipomwona, na si bure. Kwanza, bibi alikuwa na rozari mkononi, na Chibalonza naye alikuwa na yake mfukoni, pamoja na funguo za stoo. Pili, bibi alipoliona dekio alicheka, akalinyooshea kidole, kisha akajigonga kifua. Miaka thelathini, alisema kwa vidole na kwa Kiingereza cha kuokoteza. Miaka thelathini alidekia ofisi za watu mjini, jioni, wenye ofisi wakiwa wamekwisha kwenda zao. Ndiyo maana Kiingereza chake kilikuwa kidogo hivyo. Meza tupu na viti havimfundishi mtu lugha.

"Mimi na wewe, kazi moja," bibi akasema.

"Kazi moja, mama," Chibalonza akajibu, na kuanzia hapo akawa anakianza kitanda cha kumi na moja kabla ya vingine vyote. Wengine walimwita mgonjwa yule Herminia, kavu hivyo hivyo, kama wanamwita mtoto wa shule. Chibalonza alisikia binti yake bibi akimwita mtu mmoja kwenye simu Doña, akauliza maana yake, akaambiwa ni neno la heshima kwa mama mtu mzima. Toka siku hiyo naye akasema Doña Herminia. Mtu amekuzidi miaka karibu thelathini, unamwitaje jina tupu? Unataka laana?

Sasa sikiliza. Jumatano asubuhi, saa mbili kasoro, kabla madaktari hawajapita, Chibalonza alimkuta bibi amekaa wima kitandani, kitanda amekitandika mwenyewe chini yake, nywele kazichana na kuzibana kwa chanuo, na mdomo kaupaka rangi nyekundu. Mtu aliyepasuliwa jana! Mzungu angeshangaa. Chibalonza hakushangaa hata kidogo. Kwao Kabare mtu akipelekwa hospitali anaogeshwa kwanza, anapakwa mafuta, anavalishwa nguo ya kanisani. Daktari ni mgeni mkubwa. Mgeni mkubwa humpokei na nywele timtim, ukamwonyesha unyonge wako kama nguo za ndani kwenye kamba. Bibi alifanya jambo la adabu kabisa, na Chibalonza akamsogezea kioo.

Madaktari wakaja. Aliyeongoza alikuwa daktari kijana, mwanamke mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Simu ya mkalimani ikawekwa juu ya kimeza, na sauti ya kijana ikatoka humo ikisema Kihispania kizuri. Kwa hiyo asije mtu akaniambia shida ilikuwa lugha. Lugha ilikuwepo. Daktari aliuliza, simu ikatafsiri: kutoka sifuri mpaka kumi, ambapo sifuri ni hakuna maumivu na kumi ni maumivu makali kuliko yote, yako ni ngapi?

Bibi akatabasamu na mdomo wake mwekundu. Akainua vidole viwili. "Mbili tu, daktari. Namshukuru Mungu."

Daktari naye akatabasamu. Akaandika. Anaonekana vizuri, amekaa mwenyewe, maumivu mbili. Ijumaa saa tano anaweza kwenda nyumbani. Chibalonza alikuwa anafuta dirisha hapo hapo, na ile mbili ikamchoma mahali fulani, ila hakujua bado ni wapi.

Akaja kujua Alhamisi, chooni.

Wodi ile ina choo kimoja kwa vitanda vinne. Chibalonza alikuwa amesimama nje ya mlango na ndoo yake akingoja kuingia, na ndani bomba lilikuwa wazi. Maji yanamwagika shaaa. Dakika tano. Dakika nane. Dakika kumi. Mtu anayenawa mikono utasikia maji yanakatika katika, yanapiga kiganja, yanaruka. Yale yalikuwa yanakwenda moja kwa moja sinki, hakuna mkono chini yake. Halafu bomba likafungwa, Doña Herminia akatoka, amejishika ukutani, rangi ya mdomo kaipaka upya. "Habari za asubuhi, rafiki yangu," akasema, akapita polepole, kitanda kwa kitanda, kama anakagua wageni harusini.

Chibalonza akaingia. Sakafu safi. Sinki safi. Kwenye kapu la nguo chafu kulikuwa na taulo dogo jeupe limekunjwa kwa uangalifu. Akalikunjua. Katikati lilikuwa limelowa mate na lina alama za meno, safu ya juu na safu ya chini, na rangi nyekundu kidogo pembeni. Limeng'atwa mpaka uzi umekatika.

Mungu wangu! Akakaa kwenye kifuniko cha choo na taulo mapajani. Hakuhitaji mkalimani. Kwa sababu bomba lile lilikuwa lake. Taulo lile lilikuwa lake. Nyumbani kwake Merrylands, tumbo likimkaza jioni, Chibalonza huingia bafuni, anafungua bomba hadi mwisho ili watoto wasisikie, anaweka taulo mdomoni, anashika ukingo wa sinki, anangoja lipite. Wilondja humtania kila mara: "Mama Vanessa, wewe unaoga kama bata." Naye hujibu kwa kicheko, "Na wewe unanuka kama maboksi yako," na mambo yanaishia hapo.

Kwao mwanamke halii kwa maumivu. Si sheria imeandikwa, ila jaribu uone. Mama yake alimzaa bila kutoa sauti, na shangazi zake, na siku Chibalonza alipojifungua mtoto wa kwanza, wakwe walikuwa wamekaa nje ya chumba wakisikiliza. Ukilia watasema umeolewa ukiwa mtoto. Alivyokuja kumzaa Vanessa hapa Sydney, mwaka wao wa kwanza, alikwenda hospitali uchungu umemkamata barabara, akakaa kwenye kiti, mikono mapajani, kimya. Mkunga akamwuliza namba. Akasema mbili. Mkunga akamwangalia, akaona mama ametulia kama yuko kwenye foleni ya benki, akamwambia kwa upole, nenda nyumbani ukapumzike, bado sana. Vanessa alizaliwa baada ya dakika thelathini na tano kwenye kiti cha nyuma cha gari la jirani, mbele ya kituo cha mafuta, Wilondja akipiga kelele kwa niaba ya mke wake. Hadithi hii huwachekesha watu kila sherehe. Chibalonza naye hucheka. Lakini yeye ndiye anayekumbuka kwamba mtoto alitoka na kitovu shingoni, wa bluu, na kwamba aliyemfungua ni muuza mafuta.

Na mwaka jana alipokwenda kwa daktari Parramatta kwa ajili ya tumbo, aliulizwa tena namba. Akasema mbili. Akapewa panadol.

Kwa nini mbili? Nitakwambia, maana nimeshuhudia watu wengi wanaulizwa swali lile. Ukisema sifuri, umekuja kumpotezea daktari wa watu muda wake. Ukisema kumi, umemwita mauti kwa jina lake, na akija usimlaumu. Tano ni kulalamika. Mbili ndiyo namba ya adabu. Ni kama ukikaribishwa chakula kwa watu ukasema nimeshiba, huku unategemea mwenye nyumba ana akili, ataweka tu sahani. Kwetu mwenye nyumba huweka sahani. Hapa anakuamini! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ni kweli, lakini wahenga hawakuwahi kuulizwa namba.

Chibalonza akalitia taulo kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kumtafuta Rufus.

Rufus alikuwa nesi, Mkenya wa Nakuru, kijana mrefu mwenye moyo mzuri na wagonjwa wengi mno. Wao wawili walikuwa na mazoea ya kutaniana kwa Kiswahili mbele ya mashine ya kahawa.

"Kaka Rufus, ile mama ya kitanda kumi na moja iko mgonjwa."

"Ai, Mama Vanessa, si hii ni hospitali? Wote ni wagonjwa." Alikuwa anaandika huku anaongea. "Na hiyo 'iko iko' yenu mtaiwacha lini?"

"Siku ninyi Wakenya mutaacha kukata Kiswahili miguu. Kaka, sicheki. Ile mama iko naumia sana. Ananyamaza tu."

Rufus akageuza kompyuta amwonyeshe. "Ona. Jana asubuhi mbili. Jana jioni mbili. Leo mbili. Homa hana, ingawa panadol anameza kila baada ya saa sita, kwa hivyo homa hata ingekuwepo ingejificha. Mapigo ya moyo yapo juu kidogo, lakini ni mzee. Mkalimani ameongea naye mara tatu. Sasa nikamwambie daktari nini? Kwamba bomba lilikuwa wazi?"

Chibalonza akatoa taulo. Rufus akalitazama, akakuna shingo. "Nitamuuliza tena," akasema, na kwa haki ya Mungu alikwenda akamuuliza. Bibi alimtazama kijana yule mrefu, akamwona amechoka, akamwonea huruma. Akainua vidole viwili. Rufus akarudi ameinua mabega.

Aliyetokea nyuma yao wakati huo alikuwa Symphorien, msimamizi wa wasafishaji, Mrundi wa makamo aliyenyoosha sare yake kwa pasi mpaka soksi. Alikuwa amesikia vya kutosha. Akamwita Chibalonza kando, kwenye stoo.

"Mama, barua ya kwanza ya onyo ulishapata. Ulimwambia mjomba wa mgonjwa kwamba mgonjwa hajala siku mbili, mjomba akaja juu. Umesahau?"

"Sikusahau, chef," akasema, kama kwao wanavyomwita mkubwa wa kazi. "Lakini alikuwa hajala."

"Hata kama. Sisi ni dekio, mama. Dekio halina mdomo. Ya pili ya kosa hilo ikija, sitaweza kukusaidia." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha mahali ambapo na yeye aliwahi kuanguka.

Chibalonza alirudi nyumbani na mdomo wake ameufunga. Vanessa, wa miaka sita, alikuja kumwonyesha jino linalocheza. Mama alimwuliza kwa Kiswahili kama linauma; mtoto akajibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, kwamba linauma sana sana, linauma kuliko kitu chochote duniani, na anataka aiskrimu. Chibalonza akamwangalia. Huyu katoka wapi? Huyu hana aibu hata chembe! Akaenda kumletea aiskrimu, na mbele ya friji iliyo wazi akasimama muda mrefu na kijiko mkononi, anafikiri.

Ijumaa saa nne na nusu bibi alikuwa tayari. Gauni la maua, viatu, mkoba mapajani, mdomo mwekundu. Amekaa kwenye kiti karibu na kitanda anamngoja binti yake, Marisol, aliyekuwa ameomba ruhusa kwenye duka la mikate anakofanya kazi. Marisol naye alikuwa hajui kitu. Kila jioni alipokuja alimkuta mama anacheka. Jasho lilikuwa limejipanga kwenye paji la uso la bibi, na hewa ya wodi ile ni baridi ya kutetemesha. Nusu saa ilikuwa imebaki. Akishatoka mlango ule, amekwenda. Atafungua bomba nyumbani kwake Fairfield, na hakuna mtu atakayelisikia.

Chibalonza akaegemeza dekio ukutani. Akafanya jambo ambalo mtu wa usafi hafanyi: akakaa kitandani, goti kwa goti na mgonjwa.

"Doña Herminia. Maumivu ngapi?"

Vidole viwili.

"Sawa. Mbili." Akanyoosha mkono. "Nionyeshe Marisol."

Bibi akafurahi, akatoa simu, akafungua picha: mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aproni yenye unga, anacheka. Chibalonza akaweka kidole kwenye picha, taratibu, na akasema kwa Kiingereza chao wawili, kile cha kuokoteza, neno moja moja kama mtu anayepanga mawe mtoni ili mwenzake avuke. "Si wewe. Marisol. Marisol ana tumbo hili. Hili lako, hivi hivi, leo. Anakaa hapa. Anakwambia, mama, naumia." Akaigonga picha kwa kidole. "Marisol, ngapi?"

Bibi hakuelewa mara moja, akatikisa kichwa. Marisol yu mzima, namshukuru Mungu. Kisha akaelewa. Macho yakarudi kwenye picha na yakabaki pale. Ule mdomo mwekundu ukaanza kutetemeka. Akaiweka simu mapajani ili mikono yote miwili iwe huru, akainua mmoja, vidole vitano. Akainua wa pili, vinne. Akasita. Halafu polepole, akimtazama Chibalonza usoni, akakunjua na kidole gumba.

Hapo akalia. Alilia kama mtu aliyekuwa ameshikilia mlango siku tatu na mikono sasa imekataa. Chibalonza akamshika mabega, naye analia pia, sitaki kukudanganya, kamasi na kila kitu.

Rufus ndiye aliyewakuta hivyo, amekuja na karatasi za ruhusa. "Mama Vanessa! Umekaa kitandani? Unafanya nini?"

"Muulize tena. Lakini usimuulize juu yake. Muulize juu ya mtoto wake."

Rufus akatazama vile vidole kumi, bado viko hewani. Akaweka karatasi chini, akavuta pazia, wakamlaza bibi wawili wao, akaweka kiganja juu ya tumbo lake, akabonyeza kidogo sana. Bibi akafumba macho, na mkono wake ukatafuta taulo.

"Ngumu kama ubao," Rufus akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Akatoka mbio kumwita daktari.

Ilikuwa kama dakika moja ya kungoja. Chibalonza alimtazama bibi: nywele zimechanwa, gauni la maua, ile rangi ya mdomo inayong'aa. Akamwona kwa macho ya daktari. Anaonekana vizuri. Akachukua tishu kwenye kimeza. "Doña, samahani. Leo hatupokei mgeni." Bibi akageuza uso pembeni; kumvua mwanamke yule rangi ya mdomo mbele za watu kulikuwa kama kumvua nguo, na Chibalonza alijua. Alingoja. Mwishowe bibi akageuka tena, akafumba macho, akatoa midomo kama mtoto anayefutwa. Chibalonza akaifuta. Chini yake midomo ilikuwa ya kijivu, kama majivu ya jikoni.

Daktari alifika na sura ya mtu aliyekuja kuhakikisha mara ya mwisho tu. Akaiona ile midomo. Hakukaa miguuni mwa kitanda safari hii, alikuja kichwani. Saa tano, badala ya kwenda Fairfield, Doña Herminia alikuwa kwenye mashine ya picha. Saa saba alikuwa mezani kwa upasuaji. Nyongo ilikuwa inavuja ndani. Tumbo lilikuwa limejaa. Rufus alisema baadaye kwamba angelala nyumbani usiku ule, huenda Jumamosi isingemkuta.

Marisol alipofika na mfuko wa mikate ya kuwashukuru manesi alikuta kitanda kitupu, na ilibidi Chibalonza amshike yeye pia.

Symphorien alimwita Jumatatu, kwenye stoo ile ile. Chibalonza alikuwa amejiandaa, kikwembe kakikaza, maneno kayapanga. Symphorien alikuwa na karatasi mkononi.

"Barua ya pili," akasema. "Kosa: kukaa juu ya kitanda cha mgonjwa wakati wa kazi."

Chibalonza akaisoma mara mbili. "Na kuongea?"

"Kuongea sijaandika." Akajifanya anahesabu chupa za sabuni. "Siku nyingine ukaongee umesimama. Toka hapa, kuna maji yamemwagika ghorofa ya tatu."

Na Rufus je? Rufus hakuomba msamaha wala hakutoa hotuba. Ila siku hiyo hiyo alipopita na kompyuta yake alisimama karibu na ndoo, akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akauliza, "Mama Vanessa, yule mzee wa kitanda cha tano. Bomba umelisikia?" Miaka saba nchini humu, na lilikuwa swali la kwanza Chibalonza kuulizwa kazini lisilohusu sabuni.

Doña Herminia alikaa wiki mbili zaidi. Alikonda, sauti ilikuwa nyembamba, lakini mdomo ukarudi kuwa mwekundu na Chibalonza akamsogezea kioo kama kawaida. Siku ya mwisho kabla bibi hajaondoka, Chibalonza alikuwa anainama kuvuta taka chini ya kitanda cha kumi na moja tumbo likamkaza. La ghafla, la nguvu. Akashika chuma cha kitanda, akangoja. Lilipopita akainuka, akarudishia tabasamu mahali pake, akakaza kikwembe chini ya sare kwa kidole gumba. Akakuta bibi anamtazama.

Bibi akainua nyusi, akamnyooshea kidole tumboni, akakunjua kiganja: ngapi?

Chibalonza akacheka. "Mbili tu, Doña. Mbili."

Bibi akacheka naye, akishika mishono yake, anacheka huku inamuuma, mpaka machozi. Kisha akaacha kucheka. Akanyoosha mkono, kiganja juu, akautikisa. Lete simu. Chibalonza akaitoa mfukoni, na hapo kwenye kioo cha simu alikuwa Vanessa, pengo mbele, aiskrimu mpaka masikioni. Bibi akaweka kidole chake kikavu juu ya uso wa mtoto yule. Akangoja. Chibalonza alitaka kusema ana kazi, kuna ghorofa ya tatu, kuna ndoo. Bibi hakuondoa kidole.

Kwa daktari, Parramatta, ilikuwa Alhamisi mchana. Alikuwa daktari yule yule wa panadol, macho kwenye kompyuta, vidole tayari kuandika. Chibalonza alikuwa amevaa nguo ya kanisani, nywele amesukwa, mafuta yanang'aa usoni. Wilondja alikuwa amekaa nje na Vanessa, na ukuta wa pale ni mwembamba, kila kitu kinasikika.

"Kutoka sifuri mpaka kumi," daktari akasema, "maumivu yako ni ngapi?"

Mbili ilikuwa tayari mdomoni, imekaa pale tangu Kabare. Nje mtoto alikuwa anamwimbia baba yake wimbo wa shule. Chibalonza akamweka Vanessa, kwa mawazo, kwenye kile kiti alichokalia, akampa tumbo lile, miaka ile miwili, lile taulo.

"Tisa," akasema. Halafu, kwa kuwa sauti ilitoka ndogo na daktari alikuwa bado anaandika, akairudia kwa nguvu, na huko nje wimbo ukakatika.

Daktari akaondoa mikono kwenye kompyuta. Akakigeuza kiti chake kizima, akamtazama.